Selestina na Mikono Nyuma ya Mgongo

Kama hujapigwa kibao cha mgongo na Selestina kwa sababu tu amefurahi kukuona, wewe hujafika Karatu. Umepita tu, kama wale watalii wanaokimbizwa lango la Ngorongoro asubuhi kabla ukungu haujaondoka. Mwanamke yule anaongea kwa mikono. Akikusalimia anaudaka mkono wako kwa mikono yake miwili na hauachii mpaka amemaliza habari za mama yako, za ng'ombe na za mvua. Akikugombeza anakushika sikio. Na akikuonea huruma, jiandae, maana utakumbatiwa mpaka mbavu ziombe msamaha.

Mikono hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Alizaliwa Buger kwa wakulima wa mahindi na maharage, akaolewa, akafiwa na mume mapema, na Mungu hakumjalia mtoto. Watu wakamsikitikia, na Selestina hapendi kusikitikiwa hata kidogo. Akaja Karatu mjini kuomba kazi ya kufua katika makao ya watoto yaliyo juu ya barabara iendayo langoni. Hakufua sana. Msimamizi wa wakati ule aliona kwamba watoto hawakai na mlezi aliyeajiriwa awalee, wanakaa kwenye karo na mama anayefua, wamepakwa povu hadi masikioni. Akamwambia, "Dada, acha hayo mashuka. Lea." Ndiyo ilivyoanza, na miaka imepita mingi. Aliowalea wengine leo ni madereva wa watalii, wengine wauguzi, na mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi pale stendi. Wote wanamwita Mama.

Sasa ninachotaka kusimulia ni cha mwaka huu, na leo tunakicheka. Wiki ile yenyewe hakuna aliyecheka.

Makao kadhaa ya Karatu na Ngorongoro yaliungana, yakaamua walezi wao wote wapate mafunzo ya kazi. Habari hiyo ililetwa jikoni na Bwana Aloyce, msimamizi wa sasa, mtu mpole mwenye wasiwasi ambaye hawezi kukupa habari hata njema bila kufuta miwani kwanza.

"Mafunzo ya nini?" Selestina akauliza. "Ya kulea? Nani amenilalamikia?"

"Hakuna aliyekulalamikia, Mama Selestina. Mnakwenda wote."

"Mimi shule niliiacha darasa la saba, Bwana Aloyce. Nikakae dawatini tena na magoti haya?"

Alisema magoti, lakini tuambiane ukweli: aliogopa. Mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa ufagio aliogopa kuitwa ubaoni mbele ya watu. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza alipiga pasi gauni lake la kanisani, kisha akalipiga tena.

Kumbe hofu yote ilikuwa ya bure. Mkufunzi wao, Mwalimu Lilian kutoka Arusha, alikuwa mama kijana anayebeba viti vyake mwenyewe na kucheka utani wake kabla hajaumaliza. Alifundisha kwa visa. Aliwaambia kwamba mtoto anayevunja sahani hana ugomvi na sahani. Aliwaambia kwamba mtoto aliyezoea kipigo, ukipaza sauti tu, yeye ameshasikia fimbo. Hapo Selestina akavitazama vidole vyake, akakumbuka masikio aliyowahi kuyavuta, akaona aibu. Kufikia siku ya pili alikuwa mstari wa mbele kabisa, anaitikia "ndiyo" kabla swali halijaisha.

Ndipo likaja somo la kugusa. "Mwili wa mtoto ni wake," akasema Mwalimu Lilian. "Wengine wanatufikia wameshaumizwa na mikono ya watu wazima. Usimguse kabla hujamuuliza. Mtoto ajue mikono yako iko wapi."

Weee! Selestina alilibeba neno lile kama ekaristi. Mwanafunzi mtu mzima ana ugonjwa wake: akilielewa jambo moja anataka kulielewa kumpita mwalimu. Mchana ule alirudi kazini ameifunga mikono nyuma ya mgongo, anatembea uani kama mkaguzi wa shule. Watoto walimzunguka wakicheka.

"Mama, umefungwa pingu?"

"Nimesoma," Selestina akajibu. "Kaeni kwa adabu."

Na mchana huohuo ndipo Nareyu alipoletwa.

Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu, mwembamba, amevaa gauni la shule ambayo hakuwahi kuisoma na shuka jekundu juu yake. Mama mmoja wa mjini alikuwa amemchukua kwao aje kumlelea mtoto. Kisha mama yule akahamia Dodoma, akafunga nyumba, akamwacha msichana barazani na kifurushi chake. Majirani walimlisha, halafu wakapeleka habari ustawi wa jamii. Walichokijua ni kimoja tu, kwamba alitolewa Ngorongoro. Ngorongoro! Hiyo ni wilaya nzima, nyanda na milima. Ni sawa na kuambiwa umtafute ng'ombe mwenye mkia.

Nareyu alishuka garini, akatazama uani, akamwona Selestina kuwa ndiye mwanamke mkubwa kuliko wote pale. Akaja moja kwa moja mpaka mbele yake, akainamisha kichwa.

Hapa tusidanganyane. Selestina alijua maana ya kichwa kile. Karatu nzima inajua. Mtoto wa Kimaasai hampi mkubwa mkono. Anamletea kichwa, mkubwa anaweka kiganja utosini, na salamu imekwisha. Selestina alikuwa ameshavigusa vichwa vya namna hiyo tangu ujana wake, sokoni, mnadani na nje ya kanisa. Mkono wake wa kulia ulishaanza kutoka wenyewe. Akaurudisha nyuma, akaukamata kwa wa kushoto.

"Karibu, mwanangu," akasema kwa sauti ya darasani. "Jisikie uko nyumbani."

Msichana akabaki ameinama. Alisubiri. Kuku wakapita kati yao, wakapekua, wakaenda zao, naye bado anasubiri. Halafu akainua kichwa taratibu, akamtazama Selestina mara moja tu usoni, akarudi nyuma hatua chache. Shikamoo haikutoka. Na Selestina, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alisema moyoni, leo nimefanya kazi kitaalamu.

Baada ya hapo Nareyu akanyamaza. Jina lake alimtajia Bwana Aloyce, basi, hakuna la pili. Wala hakuwa mkaidi. Alfajiri wenzake wakiamka wanakuta uwanja umefagiliwa, michirizi ya fagio imenyooka kama mistari ya daftari. Vyombo ameosha. Kuni amepanga. Lakini ukimuuliza kwao ni wapi anatazama chini, na sahani yake inarudi jikoni na nusu ya chakula.

Selestina alitumia kila alichofundishwa. Alikaa kwenye ngazi ya chini ili asimzidi mtoto kimo. Aliuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana. Alikaa naye kimya, maana Mwalimu Lilian alisema kimya nacho ni malezi, na kwa Selestina kunyamaza ni kazi nzito kuliko kulima kwa jembe la mkono. Wapi! Kila alipokaribia, mikono yake nyuma, msichana alizidi kujikunja. Jioni Selestina alikuwa akimlaani yule mama wa Dodoma kwa Kiswahili, akimaliza anaanza upya kwa Kiiraqw, lugha ya kwao. Alimwona yeye ndiye aliyemfunga mtoto mdomo.

Kisha Bwana Aloyce akaja jikoni, akaanza kufuta miwani.

"Sema tu," Selestina akamwambia.

"Ustawi wamesema Jumatatu Nareyu anapelekwa Dodoma. Kuna makao makubwa huko, na pengine yule mwajiri wake atapatikana. Sisi hapa tunakaa na watoto ambao ndugu zao wanatafutwa, Mama Selestina. Huyu hatuna pa kuanzia. Hasemi."

"Dodoma! Huko nani atajua boma la kwao? Nani atasikia hata lugha yake?"

Bwana Aloyce akaendelea kufuta miwani.

"Ana watu wake yule," Selestina akasema. "Mtoto anayefagia vile amefundishwa na mtu. Na mtu huyo yuko mahali anamngoja."

"Basi aseme ni wapi," akasema Bwana Aloyce kwa huzuni. "Aseme kijiji tu. Akisema kabla ya Jumatatu, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya gari."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa Ijumaa ile Selestina alipokwenda darasani, hana raha, hata chai ya saa nne hakuigusa. Siku hiyo ilikuwa ya maigizo. Mmoja anakuwa mlezi, mwingine anakuwa mtoto, wengine wanatazama na kusema walichoona. Mwalimu Lilian akamwita Selestina ampokee mtoto mgeni, na mtoto akawa Koinet.

Koinet ni mlezi katika makao ya huko Loliondo, kijana mrefu mpaka anainama mlangoni, mcheshi, na wiki nzima alikuwa anamtania Selestina kuhusu mwendo wake wa mikono nyuma. Sasa akaona amepata nafasi. Akakunja magoti afanane na mtoto, akajifunika shuka, akaingia darasani akinyata. Watu walivunjika mbavu. Akafika mbele ya Selestina, akamletea kichwa.

Selestina akafunga mikono nyuma. "Karibu, mwanangu. Jisikie uko nyumbani."

Darasa likapiga makofi. Koinet hakuinuka. Alibaki ameinama, kisha akasimama wima urefu wake wote, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Mama, umeniacha," akasema.

"Nimekuacha wapi, na umesimama hapa?"

"Umekiacha kichwa." Akajaribu kutabasamu, haikuwezekana. "Najua ni igizo. Mimi ndiye niliyelianza kwa utani. Lakini nimesikia vibaya hapa," akajigusa kifuani. "Kwetu, mkubwa hawezi kukisahau kichwa cha mtoto kilicho mbele yake. Akikiacha amekusudia. Ni kama anamwambia, najua ulichofanya. Mtoto anakwenda kukaa pembeni, anatafuta kosa lake."

Loo! Selestina akakaa juu ya dawati la mbele, juu ya vitabu vya watu. Alikiona kichwa cha Nareyu kimeinama uani. Akaona muda ule wote mtoto alivyosubiri. Wiki nzima alikuwa anamsaka aliyemfunga yule mtoto mdomo, anamlaani mwanamke wa watu huko Dodoma, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Ni mimi," akasema kwa sauti. "Jamani, ni mimi niliyemnyamazisha."

Akawaeleza yote pale pale, mpaka habari ya gari la Jumatatu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Lilian akaja kukaa kando yake juu ya dawati.

"Nilisema uulize kabla ya kugusa, Mama Selestina."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yule mtoto ndiye aliyekuomba. Ameleta kichwa mwenyewe, kwa hiari yake. Hapo ulikuwa umeshajibiwa kabla hujauliza." Akatikisa kichwa. "Na mimi nilipaswa kulisema hilo wazi. Nilifundisha habari za mikono inayoumiza, nikapita, sikugusia ile inayosubiriwa. Nitalirudia somo leo hii. Wewe nenda."

"Darasa halijaisha, Mwalimu."

"Nenda, Mama."

Selestina, ambaye miaka yote amekataa kupanda pikipiki kwa sababu hataki kufa akiwa ameshika kiuno cha mtu asiyemjua, siku ile alipanda bodaboda na kumwambia dereva aongeze mwendo.

Alimkuta Nareyu nyuma ya jiko akichambua maharage kwenye ungo. Akakaa chini karibu naye, si karibu sana. Safari hii hakutumia mbinu yoyote. Aliiweka mikono yake mapajani, mahali inapoonekana, akasema lililompeleka.

"Nareyu, siku ile uliniletea kichwa nikakiacha. Hukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekosa. Nilifundishwa nisimguse mtoto bila kumuuliza, na ni jambo jema, ila mimi nikalishika vibaya. Sikuambiwa ubaya wowote juu yako. Sijui kosa lako lolote. Naomba unisamehe, mwanangu."

Kwao Buger mtu mzima haombi msamaha kwa mtoto. Anampikia kitu kizuri, anampa nyama kubwa, na yamekwisha. Selestina mwenyewe alishangaa maneno yale yalivyotoka kinywani mwake, na baada ya kuyasema hakujua afanye nini, akaokota harage moja bovu kwenye ungo akalitupa.

Nareyu aliendelea kuchambua. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Koko hakukuambia?"

Ilikuwa mara ya kwanza Selestina kumsikia sauti, sauti nzito kidogo kuliko alivyodhani. "Koko ni nani?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako simjui, mwanangu. Ningemjulia wapi?"

Msichana aliuweka ungo chini. Alimtazama Selestina muda, anampima kama anadanganya. Halafu akasogea, akainamisha kichwa.

"Niguse?" Selestina akauliza, maana alikuwa bado mwanafunzi.

Kichwa kikatikisika, ndiyo. Selestina akaweka kiganja utosini. Nywele zilikuwa fupi, zimepata joto la jua. Mkono hakuuondoa upesi.

Basi maneno yakaja. Yalikuja mengi, mengine kwa Kiswahili cha mjini, mengine kwa Kimaa ambayo Selestina aliyaacha yapite. Mama yake Nareyu alifariki zamani, na bibi ndiye aliyemlea. Yule mwanamke wa mjini alipokuja bomani akaahidi shule, Nareyu aliitaka shule ile kuliko kitu chochote. Bibi akakataa. Alisema simwamini mwanamke anayeongea bila kunywa maziwa aliyopewa. Wakagombana. Wajomba wakaruhusu. Asubuhi ya kuondoka Nareyu alimwendea bibi na kumletea kichwa, na bibi, kwa hasira, akageuza uso, mikono yake akaiacha ndani ya shuka. Gari likapiga honi. Nareyu akapanda.

"Shule haikuwepo," akasema. "Nilibeba mtoto tu. Halafu akaniacha. Nilijua ni kwa sababu gani. Niliondoka bila mkono wa koko." Akafuta pua kwa shuka. "Nilipokuja hapa na wewe ukanikatalia, nikajua habari imefika mpaka huku."

Selestina alitaka kulia, lakini kuna swali moja lilikuwa halijaulizwa, na Jumatatu haikuwa mbali.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Enguserosambu."

"Bwana Aloyce!" Selestina akapiga ukelele, kuku wakatawanyika uwanja mzima. "Bwana Aloyce, njoo! Amesema! Njoo na miwani yako!"

Hakika alikuja mbio, miwani mkononi, na alipolisikia jina la mahali alilirudia polepole kama mtu anayeonja asali. Walimpigia Koinet, maana Enguserosambu iko upande wa kwao Loliondo. Koinet akampigia mtu, mtu yule akampigia mwingine mwenye pikipiki, na Jumamosi kabla ya jua kuwa kali jibu likarudi. Bibi yupo hai. Anaitwa Koko Nareyu na kijiji kizima, kwa jina la mjukuu wake. Anakuja na basi la Loliondo la Jumapili, na amesema asije mtu mwingine kwa niaba yake. Bwana Aloyce akawapigia ustawi, nao wakasema gari la Dodoma lisubiri. Selestina akaketi kwenye kibaraza, akavua viatu, akapumua. Alisema ni pumzi yake ya kwanza tangu habari ya Dodoma.

Ila furaha ya watu wazima hukimbia mbele ya mtoto. Nareyu alipoambiwa, uso wake ulijifunga upya.

"Anakuja kunikatalia tena?"

Selestina alifungua kinywa aseme hapana, haiwezekani, bibi anakupenda. Akakifunga. Mwalimu Lilian alikuwa amewaonya: usimwahidi mtoto kilicho mkononi mwa mtu mwingine. Na kwa kweli Selestina hakujua. Kikongwe amesafirishwa na hasira au amesafirishwa na mapenzi? Basi halisemi limebeba nini.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hilo siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba mimi nitakuwa nimekaa na wewe."

Jumapili Nareyu aliamka na giza akafagia uwanja. Jua lilipotoka akaufagia tena. Uji aliuacha, ugali wa mchana hakuutazama. Selestina hakwenda kanisani, akamwambia Mungu watasalimiana hapohapo jikoni. Alasiri honi ya basi ikasikika kule barabarani, na msichana akatoweka. Bwana Aloyce alimtafuta bwenini, akamtafuta bafuni, akamkuta nyuma ya jiko amekaa juu ya gogo la kuni, shuka limefunika kichwa chote.

"Mama Selestina, mtoe," akanong'ona kwa wasiwasi. "Bibi ameshafika getini, Koinet amempokea. Ametoka mbali yule mzee, haifai akute mtoto amejificha."

"Hatolewi mtu hapa," Selestina akasema. "Atatoka akitaka." Akashika magoti yake, akakaa juu ya gogo kando ya Nareyu, mikono mapajani.

Walimsikia bibi kabla hawajamwona. Shanga zake zilikuwa zinalia. Alikaribishwa kiti, akakataa. Aliletewa maji, akakataa, na mtu aliyetoka Enguserosambu kwa basi mpaka Karatu anakula vumbi la siku nzima. Aliuliza neno moja tu, na Koinet akamwonyesha jiko. Akazunguka kona, kikongwe mdogo mwenye fimbo, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Akasimama.

Nareyu alimwona kupitia uwazi wa shuka. Hakuinuka. Hakuleta kichwa. Alikaa vilevile amejikunja, na Selestina akamsikia anavyohema. Bibi naye amesimama, na mikono yake yote miwili, Selestina aliiangalia kwa hofu, ilikuwa ndani ya shuka.

Yesu wangu, akasema moyoni. Mzee huyu asije akafanya tena.

Fimbo aliyokuwa ameibana kwapani ikaanguka chini. Bibi hakusubiri kuletewa chochote. Alikuja yeye, akajishusha kwenye kuni kwa shida huku Selestina akiruka kumpisha nafasi, akalivuta lile shuka nyuma, akakishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono miwili. Akakitemea mate ya baraka. Akakivuta kifuani kwake penye shanga, akaanza kusema, "Enkerai ai, enkerai ai," mtoto wangu, mtoto wangu. Hakuuliza ruhusa, na Selestina, mwanafunzi wa mstari wa mbele, hakumrekebisha.

Nareyu alilia kwa sauti ya mtoto mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza wamsikie akilia. Bwana Aloyce aligeuka akafuta miwani ambayo safari hii ilihitaji kufutwa kweli. Selestina alijiegemeza ukutani mwa jiko, akajikuta anacheka na machozi yanashuka hadi shingoni.

Bibi aliongea muda mrefu. Koinet alitafsiri kwa sauti ya chini. Anasema Nareyu shule ataisoma, hapahapa Karatu, na likizo atarudi nyumbani. Anasema alikuja mnadani Karatu akimuulizia yule mwanamke wa mjini kwa kila mtu mwenye shuka, akaambiwa mwanamke yule hajulikani. Anasema asubuhi ile gari lilipoondoka alilikimbilia, akalifuata mpaka mtoni, mkono ameunyosha.

Kisha bibi akamwinua msichana uso, akamtazama mashavu, akamshika mikono juu ya kiwiko kama anayepima mbuzi, akauliza jambo fupi kwa ukali. Nareyu akatikisa kichwa.

"Sasa anasema nini?" Selestina akauliza.

Koinet akacheka huku akijifuta macho. "Anamuuliza kama amekula."

"Mwambie hajala tangu asubuhi," Selestina akasema, akaingia jikoni kupakua.